Gego la Mpiga Tarumbeta

Baba yangu ni fundi makochi, na fundi makochi hufanya kazi kwa mikono na mdomo. Vimisumari hukaa katikati ya midomo, ulimi unasukuma kimoja mbele, vidole vinakipokea, nyundo ndogo inakimalizia. Akishika kasi huvioni vikitoka. Unaona tu kitambaa kinatulia juu ya mbao kama ngozi. Kwa hiyo siku nilipomkuta karakanani ameviweka kwenye kisosi, anaokota kimoja kimoja kama mwanafunzi wa juzi, nilijua kuna jambo.

"Baba, mbona hivyo?"

"Mbona nini?"

Alijibu bila kufungua meno. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho limekuwa dogo. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka ule gego lake la mwisho, chini kushoto, lilikuwa limeshamsumbua mara kadhaa, na kila mara alisukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akatuambia limetulia. Safari hii mdomo haukufunguka hata kuingiza kijiko. Uji alikuwa akiunywa kwa mrija. Mama ndiye aliyenipigia simu, kwa maneno machache: "Njoo umchukue baba yako. Mimi hanisikii."

Nilimpeleka kwa daktari wa meno, mwanamke wa rika langu, mpole, ambaye kila alichotaka kukifanya alikisema kwanza. Alimuuliza umri, kama ana kisukari, kama ana presha, anafanya kazi gani.

"Fundi makochi," alisema Baba.

Akapigwa picha ya eksirei, tukaitwa kuitazama kwenye kioo cha kompyuta. Meno ya Baba yalionekana yamejipanga meupe gizani, yote yamesimama, isipokuwa moja huko nyuma lililolala ubavu, kichwa kimeelekea kwa jirani yake.

"Hilo ndilo gego lako la mwisho, mzee," daktari alisema. "Wengine huliita jino la akili."

"Limeota lini? Mimi nina wajukuu."

"Halijaota. Lilibanwa tangu ujana wako, likakosa pa kutokea. Limekaa humo humo chini ya ufizi."

"Kumbe nina mpangaji siku zote hizo, hata hajawahi kunisalimia."

Daktari alicheka, kisha akarudi kwenye picha. Alituonyesha jinsi gego lile lilivyokuwa likimpiga kichwa jirani yake, na jirani ameanza kuoza ubavuni. Uchafu unaingia chini ya ufizi, hautoki, ndiyo maana usaha unarudi. Dawa zitatuliza uvimbe wa leo, alisema, lakini utarudi tena, na siku moja unaweza kushuka shingoni, na hapo si mchezo. Kisha akapitisha kalamu juu ya mstari mwembamba wa kivuli uliopita chini ya mizizi.

"Na huu ni mshipa wa fahamu. Unapita ndani ya taya na kutokea hapa, unaupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ya gego imeukalia. Nikiling'oa, mshipa unaweza kujeruhiwa. Wengi hawapati shida yoyote. Wachache hubaki na ganzi kwenye mdomo kwa wiki au miezi. Na mara chache sana ganzi haiondoki."

"Mdomo utapinda?"

"Hapana, utasogea kama kawaida. Ila upande huo hutausikia."

Baba aliupapasa mdomo wake wa chini kwa kidole gumba, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Basi haiwezekani, daktari," alisema. "Mimi ni mpiga tarumbeta."

Nilimgeukia. Daktari naye alimtazama, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Mara ya mwisho umepiga lini, mzee?"

"Kitambo," alisema Baba.

Kitambo chenyewe kilikuwa tangu nikiwa sekondari, na sasa nina watoto wawili.

Tulipewa dawa za kutuliza uvimbe tukaambiwa turudi. Njiani Baba aliniomba tukate kona tupite ukumbini. Sikuhitaji kuuliza ukumbi gani. Ulikuwa ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, jengo refu la bati lenye madirisha ya juu, na pale ndipo bendi yao ilipokuwa ikipiga dansi la mchana kila Jumapili. Baba alikuwa na mapafu ya ajabu. Angeshika sauti moja akaining'iniza hewani hadi wachezaji wakasimama kumsubiri, halafu akaiachia, na ukumbi mzima ukapumua pamoja naye. Ndiyo maana wakamwita Pumzi. Hata Mama, ambaye alikutana naye pale pale ukumbini, mpaka leo humwita Pumzi akiwa amefurahi au amekasirika sana.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tukikalishwa nyuma ya jukwaa, juu ya maboksi ya spika, na chupa ya soda ya kugawana. Kutoka pale hukumwona Baba usoni. Ulimwona mgongo, shati limelowa, na shingo inayofura akiinua tarumbeta. Nilikuwa nadhani baba wote wana alama ya duara katikati ya mdomo. Nilipomwona baba wa rafiki yangu hana, nilimwonea huruma.

Kabla ya dansi Baba hakula kitu cha moto wala cha pilipili. Alijipaka mafuta mdomoni, akakaa peke yake kwenye ngazi za nyuma akiutetemesha mdomo mtupu, bila tarumbeta, brrr, brrr, kama farasi. Sisi tulikuwa tukimwiga nyumbani hadi Mama anatufukuza nje.

Ukumbi sasa ni duka la vigae. Tuliingia. Muuzaji alitukaribisha, akatuuliza tunatafuta vya bafuni au vya sebuleni. Baba alikuwa anatazama kule mwisho, kwenye jukwaa, ambako walikuwa wamepanga masinki, makubwa mbele, madogo nyuma, yote meupe yamegeukia wateja.

"Sakafu ilikuwa ya mbao," Baba alisema.

"Tuliing'oa, mzee. Ilishaliwa na mchwa."

"Ilikuwa ukicheza inakurudishia."

Muuzaji alitabasamu kama mtu asiyeelewa lakini hataki kumvunjia mtu heshima. Tukatoka.

Nyumbani Mama alitusikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Ling'olewe," alisema. "Kuna la kujadili hapo?"

"Kuna mdomo wangu," alisema Baba.

"Mdomo wako nautaka ule chakula. Tarumbeta yenyewe iko juu ya kabati, chini ya mashuka ya wageni. Ulipoiweka hapo nilikuuliza, ukaniambia imepumzika. Mbona haijaamka?"

Mama hakumkandamiza zaidi. Alijua ilivyokwenda. Mwimbaji wao alifariki. Kiwanda kikafungwa. Watu wakaanza kualika kijana mmoja na mashine zake za muziki badala ya bendi nzima ya kulisha na kubeba. Hakuna aliyesema bendi imekufa. Walikosa mazoezi wiki moja, ikafuata nyingine, hadi ikawa aibu kuulizana.

Uvimbe uliposhuka Baba alisema basi, ameamua, gego libaki. Akarudi kwenye makochi yake. Tukamwacha. Haukupita muda mrefu, likaamka kwa hasira kuliko mwanzo. Homa ikampanda, akashindwa kumeza mate. Daktari alimchoma sindano, akafungua ufizi kidogo kutoa usaha, akamwambia waziwazi kwamba safari nyingine anaweza kumpokea akiwa mahututi.

Ndipo alipokuja Baba Mdogo Besi. Si ndugu wa damu. Alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi, na siku hizi ni kinyozi. Alimkuta Baba amejilaza kwenye kochi ambalo ni mali ya mteja, akakaa kwenye stuli.

"Shemeji ameniambia yote," alisema. "Nina swali moja tu, Pumzi. Kwani unapiga?"

"Sipigi."

"Basi unalinda nini?"

"Ninaweza kupiga nikitaka. Leo naweza kuamka nikasema napiga. Nikipoteza mdomo, hata kutaka kwenyewe kumekwisha."

Besi akaniambia, "Mwanangu, kalete hiyo maiti tuione."

Nilipanda kwenye kiti, nikaondoa mashuka, nikashusha sanduku. Ndani yake kulikuwa na harufu ya shaba na mafuta ya zamani, na kwa dakika nzima nilikuwa tena juu ya boksi la spika na soda ya uvuguvugu. Vitufe vyote vitatu vilikuwa vimeganda. Besi alivifungua, akavifuta kwa kitambaa laini, akavipaka mafuta ya mashine anazonyolea, akavibonyeza hadi vikaanza kuruka. Akampa Baba.

"Si leo. Ukipona."

Baba alipona, akajaribu. Nilikuwepo siku hiyo ya kwanza, nimepitia karakanani kuchukua mito. Alifunga mlango, akajipaka mafuta mdomoni, akainua tarumbeta na mkao ule ule wa zamani, mabega chini, viwiko nje. Kikatoka kitu kama tairi linalotoa upepo. Alishusha, akalamba midomo, akarudia. Upepo tena. Mara ya tatu ikatoka sauti, nene, inayotetemeka, ikakatika. Nilitaka kupiga makofi, nikaona uso wake, nikaacha.

Aliendelea hivyo kila mchana baada ya kazi. Majirani walivumilia. Maseremala wa karakana ya pili wakaanza kumtania kwamba kuna ng'ombe anazaa humo ndani. Lakini sauti za chini zilianza kurudi, moja baada ya nyingine, za mviringo, zenye joto. Za juu hazikurudi. Alizitafuta kila siku. Alikuwa akipanda ngazi ya sauti vizuri hadi mahali fulani, na pale mdomo unaachia.

Jioni moja ya mapema nilimkuta amekaa juu ya bunda la sponji, tarumbeta mapajani.

"Zimeondoka zile za juu," aliniambia. "Si gego. Si daktari. Ni mimi nilikaa bila kuzipiga. Nimehangaika na kuogopa nisipoteze kitu, kumbe kilishaondoka zamani bila hata kuniaga."

Nilimwuliza zilizobaki zikoje.

Alifikiri. "Zilizobaki ni tamu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshangazwa na maneno yake mwenyewe. "Ujanani sikuwa nazijali. Nilikuwa nazipitia nikikimbilia juu."

Tuliporudi kwa daktari Baba alibeba sanduku. Wagonjwa wengine kwenye benchi walilitazama kwa wasiwasi, labda walidhani ni vifaa vya kung'olea meno. Ndani alimwambia daktari, "Wewe umenionyesha picha yako. Mimi nakuonyesha yangu." Akapiga. Si wimbo, mstari mfupi tu, polepole. Daktari hakutabasamu kwa adabu kama yule wa vigae. Aliinama karibu kabisa, akatazama pale kidomo cha shaba cha kupulizia kilipokaa, akamwomba arudie, akamuuliza uzito unabebwa na mdomo wa juu au wa chini, na upande upi unafanya kazi zaidi.

"Wa chini ndio unaonguruma," Baba alisema. "Wa juu ni msaidizi."

Daktari alivuta kiti. Alimweleza kuna njia ya katikati. Badala ya kung'oa gego zima, anaweza kukata kichwa chake, kile kinachomgonga jirani, akakitoa, na mizizi iliyoukalia mshipa akaiacha humo humo, akashona ufizi juu yake. Hatari ya ganzi inapungua sana, alisema, lakini haifiki sifuri. Na huenda baada ya miaka mizizi ikasogea, ikabidi itolewe nayo.

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi. Na sikuahidi kitu, mzee wangu."

Baba aliitazama picha kwa muda mrefu. "Kata," alisema. "Lakini si wiki hii. Nipe Jumapili moja."

Jumapili hiyo makochi ya wateja yalisogezwa ukutani, milango miwili ya karakana ikafunguliwa. Besi alikuja na gitaa na spika moja ndogo. Mpiga ngoma wao wa zamani alikuwa mgonjwa wa miguu, lakini aliletwa na binti yake, akaketishwa mbele ya kopo la rangi na fimbo mbili. Ndio waliobaki hao. Walivaa mashati meupe bila kuambizana, na walipoonana kila mmoja alilitazama la mwenzake akakohoa.

Walipiga nyimbo ambazo nilidhani nimezisahau. Miguu yangu haikuwa imezisahau. Mafundi wa jirani walikuja, wakafuata wanawake waliokuwa wakisuka nywele barazani, wengine nywele nusu. Mama alisimama mlangoni na kanga yake mabegani, amekunja uso, hadi walipofika kwenye ule wimbo wao wa kufungia dansi, ule wa mtu anayemwambia mpenzi wake asizime taa bado. Katika wimbo huo tarumbeta hupanda peke yake, na huko juu ndipo Baba alipokuwa akiwaning'iniza watu.

Alipanda. Nilishikilia pumzi yangu. Alifika pale pale mdomo unapoachia, na badala ya kulazimisha akageuka, akaupeleka wimbo chini, kwenye zile sauti nene, akazunguka nazo huko kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake ambacho hakuwa akikitumia. Besi alimfuata bila kumtazama. Mama alikuwa ameshaivua kanga, amenishika mkono, tunacheza. Alinukia sabuni na vitunguu. Mwisho wa wimbo alikwenda mbele ya Baba na kumwambia kitu sikioni. Sikukisikia, na sikuwahi kuwauliza.

Upasuaji ulichukua mchana mmoja. Nilikaa na Mama kwenye benchi, naye alizungusha pete yake kidoleni muda wote. Daktari alipotoka alisema kichwa cha gego kimetoka vizuri, mshipa hakuugusa kwa kadiri alivyoona, tusubiri sindano ya ganzi iishe.

Sindano iliisha. Ulimi ukarudi, shavu likarudi. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, haukurudi.

"Huenda ni uvimbe tu umeukandamiza mshipa," daktari alisema siku ya kukaguliwa. "Tuupe muda."

Baba hakulalamika, na hilo ndilo lililotutisha. Uji ulikuwa ukimchuruzika kidevuni bila yeye kujua. Mama aliufuta, naye akauliza, "Umenigusa?"

"Nimekugusa."

Wakaanza mchezo wao. Kila asubuhi baada ya chai Mama alikuwa anamwambia afumbe macho, kisha anamgusa mdomo kwa ncha ya kidole, akianzia upande wa kulia, ule mzima.

"Hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa?"

"Bado hujanigusa."

Hapo ndipo ulipokuwa mpaka wa ganzi. Wiki za mwanzo ulikuwa katikati kabisa ya mdomo. Kisha asubuhi moja Mama alivuka mpaka wa jana na Baba akasema ndiyo, na Mama akarudia kwa hofu kwamba Baba amekisia. Hakuwa amekisia. Kulikuwa na kuwasha, alisema, kama mguu uliokaliwa ukiamka. Tangu siku hiyo mpaka ulisogea polepole kushoto, siku nyingine ukisimama, siku nyingine ukirudi nyuma kidogo, na Mama akiufuatilia kama mtu anayepima shamba. Nadhani katika maisha yao yote hawakuwahi kutazamana kwa karibu namna ile kwa siku nyingi mfululizo.

Haukufika mwisho. Kimebaki kipande chini ya pembe ya mdomo, ukubwa wa kifungo cha shati, ambacho hakisikii kitu. Daktari anasema huenda kitaamka na huenda kikabaki hivyo. Jino la jirani limezibwa, uvimbe haujarudi. Baba amejifunza kusogeza kidomo cha tarumbeta kulia kidogo. Upepo humvuja kushoto akichoka, na akichoka anaacha.

Jumapili mchana sasa Baba hupenda kwenda kunyolewa kwa Besi. Wiki iliyopita nilimpeleka, nikakaa kusubiri. Besi alimlaza kwenye kiti, akampaka povu, akaanza na mashavu. Alipofika kwenye kile kipande alipunguza mkono, akaibana ngozi ya hapo kwa vidole viwili, akapitisha wembe taratibu.

"Unakumbuka ile Jumapili ya mvua," Baba alisema, macho amefumba, "umeme ukakatika katikati ya wimbo, na watu wakauimba wenyewe hadi mwisho?"

"Nakumbuka. Ulikuwa ule wa barua."

"Haukuwa wa barua. Ulikuwa ule wa mgeni."

"Pumzi, wa mgeni tulikuwa hatujautunga bado. Ulikuwa wa barua. Shemeji alikuwa amevaa gauni la njano, amesimama karibu na dirisha la tatu, lile linalovuja."

"La kijani."

"La njano. Usicheke, nitakukata."

Baba alijaribu kutocheka. Besi aliinua wembe, akasubiri atulie, na kupitia mlango wazi nilisikia mtu barabarani akipita na redio yake, sauti ikafifia, na wao wawili bado wakibishana kuhusu gauni la mama yangu.